Idhini ya Bunge Huombwa Kabla Askari Hawajafunga Safari

Kila jeshi letu linapotumwa mahali, swali ninalolisikia barazani ni moja: ni nani aliyekubali? Katiba ya 2010 imelijibu wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kifungu cha 240 kinaunda Baraza la Usalama wa Kitaifa, ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Baraza hilo laweza kutuma majeshi nje ya Kenya, au kukubali majeshi ya kigeni yawekwe hapa nchini, lakini kwa idhini ya Bunge. Kila mwaka linatakiwa pia kulipa Bunge ripoti kuhusu hali ya usalama.

Ndani ya nchi ni Kifungu cha 241. Jeshi likisaidia wakati wa dharura au janga, Bunge la Kitaifa lazima liarifiwe. Likitumwa kurejesha amani penye ghasia, idhini ya Bunge hilo ni lazima.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa tutazame vitendo.

Novemba 2, 2022, Rais Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi waliokuwa wakienda mashariki mwa Kongo. Wabunge waliidhinisha safari hiyo Novemba 9, wiki nzima baadaye. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi limeitwa kusaidia polisi. Bunge lilikubali kesho yake.

Suala la Haiti lina funzo lake. Wabunge waliidhinisha polisi kutumwa huko Novemba 2023. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza la Usalama halina mamlaka ya kutuma polisi nje kwa kutumia Kifungu cha 240, kwa kuwa kifungu hicho kinahusu majeshi. Wabunge walikuwa wamepitisha jambo ambalo msingi wake wa kisheria haukusimama. Serikali ilipitia njia nyingine, mkataba na Haiti, na polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince Juni mwaka huo.

Serikali husema usalama hausubiri mjadala. Nakubali kwamba kuna siri ambazo hazifai kutangazwa hadharani, na kuna hatari zinazotaka hatua ya haraka. Lakini kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi yaweza kukaa faraghani ikaulizia gharama, muda na lengo. Bunge likiulizwa baada ya askari kuondoka, hata mbunge mwenye shaka hupiga kura ya ndiyo ili asionekane amewatupa vijana wetu ugenini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Manda, kaunti ya Lamu, kuna kambi ambayo wanajeshi wetu wanaitumia pamoja na Wamarekani. Januari 5, 2020, al-Shabaab waliishambulia na Wamarekani watatu wakauawa. Wavuvi wa Lamu nao walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu za kiusalama. Gharama ya maamuzi ya aina hii huingia hadi jikoni kwetu.

Kwa hivyo mbunge wako akija kukusalimia, mwulize mambo matatu. Majeshi yaliyo nje yatarudi lini, na yametumia pesa ngapi? Mikataba inayowaweka wanajeshi wa kigeni hapa kwetu ameisoma? Na ripoti ya mwaka ya Baraza la Usalama imejadiliwa? Mwaka 2024 kamati hiyo ya ulinzi ilikwenda Laikipia kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wanajeshi wa Uingereza. Kumbe inawezekana. Kama wakazi wa Laikipia walipata kusikilizwa, na watu wa Lamu wana haki hiyo hiyo.