Leseni ya Shilingi Tano

Uingereza ilipoanza kudai leseni ya udereva, Januari 1904, ilitaka mambo mawili: uwe umetimiza miaka 17, na ulipe shilingi tano. Ulikwenda halmashauri, ukatoa fedha, ukapewa karatasi. Hakuna aliyekuuliza kama unajua breki iko wapi. Karatasi ile ilikuwa ya kumtambua dereva ili akivunja sheria apatikane. Kuhusu ujuzi wake, serikali haikushughulika.

Hali hiyo ilidumu miaka 30, na magari yakazidi milioni mbili. Mwaka 1934 peke yake watu 7,343 walikufa barabarani, wakiwamo waenda kwa miguu wengi. Ni idadi ya kutisha, na naamini ingeweza kuzuiwa mapema zaidi. Chini ya Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, mtihani wa udereva ulianza kwa hiari Machi 1935, ukawa wa lazima Juni mwaka huohuo kwa walioanza kuendesha tangu Aprili 1934. Ada ilikuwa shilingi saba na peni sita. Vituo vya mtihani havikuwapo bado, hivyo mtahini na mtahiniwa walikubaliana kukutana bustanini au kwenye stesheni ya treni.

Tangu hapo mzigo wa gharama ukahama. Anayeanza hakununua tena karatasi tu. Mara nyingi ilimbidi anunue na mafunzo, ambayo serikali haikuyapangia bei. Hivi sasa Mwingereza hulipa pauni 34 kwa leseni ya kujifunzia, 23 kwa mtihani wa nadharia na 62 kwa ule wa barabarani. Lakini mamlaka yao husema mwanafunzi wa kawaida huhitaji saa 45 hivi za mwalimu, na saa moja huweza kuzidi pauni 30. Piga hesabu uone fedha inakokwenda.

Kibao cheupe chenye L nyekundu, alama ya anayejifunza kuendesha, kilitufikia Tanzania kutoka huko, na mzigo ule ule nao tunao. Serikali yetu ilipandisha ada ya leseni mwaka 2019 kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, na muda wake kutoka miaka mitatu hadi mitano. Ukigawanya kwa mwaka, nyongeza ni ndogo mno. Tatizo ni kwamba fedha yote hutakiwa kwa mkupuo, juu ya ada ya chuo cha udereva, na kijana anayetafuta kazi ya kuendesha lori huitoa kabla hajaonja mshahara wa kwanza. Ndiyo maana wengi huanzia kwenye utingo: wanaosha gari, wanafunga turubai, na dereva akiridhika anawaachia usukani uwanjani. Hiyo ni shule ya kweli, na inastahili kutambuliwa katika kupanga ada za wanaoanza.