NENO NA MATUMIZI: Fonti

Katika steshenari za Ruaha Mbuyuni, mwenye tangazo la vitunguu humwambia mchapaji, "Ongeza fonti." Anachotaka ni herufi kubwa zaidi, hiyo ni saizi. Fonti ni seti nzima ya maumbo ya herufi, tarakimu na alama. Neno limetokana na Kifaransa, fonte, lenye maana ya kuyeyusha madini na kuyamimina, kwani zamani herufi za kupigia chapa zilitengenezwa kwa risasi iliyoyeyushwa.

Tusichanganye pia herufi za rangi na fonti ya rangi. Ukilitia neno VITUNGUU wekundu, umebadili rangi tu. Fonti ni ileile. Fonti ya rangi huja na rangi zake ndani ya faili, kama zile za emoji. Emoji huchorwa kwa fonti iliyopo pale inapofunguliwa, ndiyo maana bendera ya Tanzania inayopendeza kwenye simu, ikifika kwenye Word ya Windows, hugeuka herufi TZ: kwa miaka mingi fonti ya emoji ya Windows imekosa bendera za nchi. Kivinjari cha Firefox huionyesha, kwa kuwa kina fonti yake. Basi mweleze mchapaji waziwazi: saizi, rangi au fonti.