Paka wa Vidole Sita: Asili Yake na Malezi Yake

Wahenga walinena: paka wa nyumba haingwa. Hata hivyo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale niliwahi kumkuta mama mmoja akitaka kumtupa mtoto wa paka, kwa sababu miguu yake ya mbele ilikuwa na vidole sita sita. Aliuona huo kuwa mkosi. Bibi jirani yake, mzaliwa wa Kongo, akamwambia, "Mwanangu, panya hawahesabu vidole."

Yafaa tuyachunguze maneno ya bibi huyo. Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mahali ambapo mahindi na maharage huwekwa ndani ya chumba wanamolala watu, paka ni mlinzi wa chakula cha watoto. Kumtupa ni kuwakaribisha panya.

Paka wa kawaida ana vidole 18: vitano katika kila mguu wa mbele, na vinne katika kila mguu wa nyuma. Anayezidisha idadi hiyo hana laana, amerithi. Mwaka 1947 mtaalamu Danforth wa Marekani alieleza urithi huo: mzazi mmoja mwenye sifa hiyo atosha kuwapa watoto wake. Mwaka 2008 wataalamu wengine walionyesha kwamba chanzo ni badiliko dogo katika chembe za urithi ziongozazo uumbaji wa viungo.

Paka hawa walipata sifa kwa jina la mwandishi Ernest Hemingway. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930, huko Key West, nahodha mmoja alimpa paka wa vidole sita, na hadi leo wengi wa kizazi chake waishi katika nyumba hiyo. Uganda nayo ilimjua Hemingway: Januari 1954 alinusurika ajali mbili za ndege kwa siku mbili mfululizo, karibu na Maporomoko ya Murchison na kisha Butiaba.

Sasa tuyatazame malezi. Kidole cha ziada mara nyingi hakigusi ardhi, hivyo ukucha wake hausuguliki. Hukua, hupinda, na mwishowe huchoma nyama. Mwenye paka na amkague kila juma, akate ncha tu, asifikie sehemu nyekundu yenye damu. Akiona uvimbe, usaha au kuchechemea, amwendee daktari wa mifugo, wa Mbarara au wa karibu zaidi. Asithubutu kukata kidole nyumbani. Iwapo mfupa wa mguu wa mbele nao ni mfupi au umepinda, hiyo ni kasoro nyingine, nzito zaidi, na paka huyo asizalishwe. Tena, kila paka, awe na vidole vingapi, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Na nyumba yenye paka isitegwe sumu ya panya, kwani amlaye panya mwenye sumu hudhurika naye.

Walimu wenzangu, mtoto akileta darasani habari za paka wa namna hiyo, tusimcheke wala tusimtishe. Tumpe hesabu ya vidole 18, tumweleze maana ya urithi, kisha tumfundishe kukagua kucha. Yule mtoto wa paka wa Nakivale hakutupwa.