Marafiki Walioipa Awara Nyimbo Zake

Desemba 14, 2026, filamu ya Awara inatimiza miaka 75 tangu ianze kuonyeshwa nchini India. Wapenzi wa picha za Kihindi hapa pwani wataikumbuka kwa Raj Kapoor na Nargis. Wachache watamtaja Shailendra, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kila marafiki wanapokusanyika barazani wakaziimba nyimbo zile, maneno wanayoyaimba ni yake au ya mwenzake, Hasrat Jaipuri.

Nyimbo za Awara zilitengenezwa na kundi la vijana waliokuwa marafiki kabla ya kuwa mashuhuri. Raj mwenyewe alitimiza miaka 27 siku ile ile picha ilipotoka. Shankar, mpiga tabla aliyekulia Hyderabad, na Jaikishan, mpiga kinanda kutoka Gujarat, walifanya kazi pamoja Bombay katika kundi la maigizo la Prithviraj, baba yake Raj. Hasrat alikuwa kondakta wa basi. Mukesh aliimba badala ya Raj, Lata Mangeshkar badala ya Nargis.

Shailendra alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli. Familia yake imesimulia kwamba Raj alimsikia akighani shairi kuhusu Punjab iliyowaka moto India ilipogawanywa, akataka kulinunua kwa ajili ya sinema. Shailendra alikataa katakata: mashairi yake hayakuwa ya kuuzwa. Kisha mkewe akawa mjamzito na nyumbani hamna kitu. Mshairi akaumeza ukali wake, akamwendea Raj na kukopa rupia 500. Alipopata fedha akarudi kulipa, lakini Raj hakuzipokea. Alichotaka ni nyimbo mbili za picha yake ya Barsaat, iliyotoka mwaka 1949. Deni likalipwa kwa mashairi, na tangu hapo hawakuachana.

Ilipofika zamu ya Awara, Raj alimpeleka kwa mwandishi wa hadithi, K. A. Abbas. Abbas alisimulia kwa muda mrefu bila kumjali mgeni aliyekaa kimya pembeni. Raj alipomuuliza Shailendra ameelewa nini, alijibu kwa mstari mmoja tu wa ushairi. Abbas alishangaa: hadithi yake nzima ilikuwa mle ndani.

Hata marafiki hawa waligombana. Shankar na Jaikishan walimwahidi Shailendra kwamba watampendekeza kwa watengenezaji wengine wa filamu, wakanyamaza. Hakwenda kuwapigia kelele. Aliwaandikia kikaratasi chenye beti chache za kuwakumbusha kwamba dunia ni ndogo na iko siku watakutana tena njiani. Waliona haya, wakamtaka radhi, na beti zile zikawa wimbo katika filamu ya Rangoli ya mwaka 1962. Ni watunzi wangapi leo wanaoweza kudai haki yao kwa adabu ya namna hiyo?

Awara ilipendwa mno Urusi na Uchina. Huku kwetu, mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema mijini Tanzania, anaihesabu miongoni mwa picha zilizowagusa sana watu katika miaka ya 1950. Wengi hawakujua Kihindi. Waliielewa kwa nyimbo, na kwa kisa cha kijana anayehukumiwa kwa nasaba yake kabla hajatenda lolote. Mahadhi ya Kihindi yakaingia hata katika taarabu. Aliyemsikiliza Juma Bhalo wa Mombasa anajua hayo.

Kisha ikaja televisheni, zikaja kanda za video, majumba ya sinema yakafungwa moja baada ya jingine. Nyimbo zimebaki, majina yamepotea. Mtangazaji wa redio husema tu "wimbo wa Raj Kapoor", naye Raj hakuuandika wala hakuuimba.

Shailendra alitumia alichokuwa nacho, na akakopa, kutengeneza filamu yake mwenyewe, Teesri Kasam, ambayo Raj aliicheza. Ilishinda tuzo ya taifa ya filamu bora, lakini mwanzoni watu hawakuiendea, na madeni yakamwandama. Alifariki mwaka 1966, akiwa na miaka 43, Desemba 14.