Volkswagen Beetle ikivuja oili: Gasketi ikaguliwe kabla ya injini kufunguliwa

Na Mwandishi Wetu

KUVUJA kwa oili katika injini ya Volkswagen Beetle ni hitilafu iliyozoeleka kiasi kwamba baadhi ya wamiliki huiona kuwa ni tabia ya gari hilo. Hata hivyo, haifai kupuuzwa, kwani injini hiyo haipozwi kwa maji, bali hutegemea upepo wa feni pamoja na oili yenyewe.

Injini hiyo hujazwa oili kiasi cha lita 2.5 tu. Kiwango hicho kikishuka, oili inayobaki hupata joto kali haraka na vyuma vinavyosuguana huanza kulika.

Utengenezaji wa magari hayo ulikoma Julai 30, 2003 katika kiwanda cha Puebla, Mexico. Katika Afrika Mashariki, Beetle ilijijengea heshima kwa kushinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa kuwa yale yanayoendelea kutumika ni makongwe, kuchakaa kwa gasketi ni jambo la kutarajiwa.

Silinda nne za injini hiyo zimelala, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Kila upande una kifuniko cha bati kinachofunika valvu, ambacho mafundi wengi hukiita tapeti kava. Kati ya kifuniko hicho na hedi ya silinda hukaa gasketi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa gome la mti lile lile linalotumika kwa vizibo vya chupa.

Gasketi hiyo ikikauka, oili hupenya na kudondokea mabomba ya moshi, ambako huungua na kutoa harufu inayoweza kufika hadi ndani ya gari.

Jambo la kwanza ni kubaini chanzo. Karibu na vifuniko hivyo kuna mirija minane, minne kila upande, inayopitisha fimbo za kusukuma valvu. Kila mrija una sili za mpira kwenye ncha zake. Sili hizo zikichakaa, kwa kawaida injini hulazimika kushushwa na hedi kufunguliwa, kazi ambayo ni kubwa na ya gharama. Mwenye gari asipotofautisha mambo hayo mawili, anaweza kulipia matengenezo ambayo gari lake halikuyahitaji.

Ili kujua tofauti, sehemu ya chini ya injini isafishwe na kukaushwa, kisha gari liendeshwe kwa mwendo mfupi na kukaguliwa tena. Oili ikianza kuonekana kwenye ukingo wa kifuniko, kosa ni la gasketi. Ikianzia kwenye ncha za mirija, kosa ni la sili.

Kubadili gasketi hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Gari liegeshwe mahali tambarare na magurudumu yazuiwe. Likinyanyuliwa, liwekwe juu ya stendi imara. Si salama kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kifuniko hakina bolti, bali hushikwa na kibanio cha waya mnene. Fundi huweka chombo chini ili kukinga oili, kisha husukuma kibanio kuelekea chini kwa bisibisi hadi kiachie.

Mabaki ya gasketi ya zamani huondolewa yote, kwenye kifuniko na kwenye hedi, bila kukwaruza chuma. Kisha kifuniko hulazwa juu ya kioo. Ukingo wake usipogusa kioo kote, umepinda. Ninyooshwe au kifuniko kibadilishwe, la sivyo hata gasketi mpya itavuja.

Huu pia ndio wakati mwafaka wa kupima nafasi za valvu. Kwa injini nyingi za Beetle kipimo ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi, ingawa baadhi za zamani zina kipimo tofauti, hivyo kitabu cha gari kizingatiwe.

Gasketi mpya hukalishwa sawasawa ndani ya kifuniko. Gundi nyepesi ikitumika, ipakwe upande wa kifuniko pekee. Kumimina silikoni kwa wingi ni kosa, kwani vipande vyake vinaweza kumeguka na kuziba chujio la waya lililo chini ya injini. Baada ya hapo kibanio hurudishwa juu hadi kikae mahali pake katikati ya kifuniko.

Injini huwashwa kwa dakika chache huku pande zote mbili zikikaguliwa. Ikizimwa na oili kutulia, kiwango hupimwa kwa kijiti na kiasi kilichopungua huongezwa.

Iwapo uvujaji utaendelea, kibanio chenyewe huenda kimelegea. Kama nacho ni kizima, huenda ringi za pistoni zimechakaa na kuruhusu hewa yenye shinikizo kuingia kwenye sehemu ya oili. Hapo ndipo kufungua injini kunapokuwa na sababu.