Bastola Isiyoonekana Dukani

Tarehe 3 Septemba 2019, mwezi mmoja kamili baada ya mtu mwenye bunduki kuwashambulia wateja wa Walmart mjini El Paso, Texas, kampuni hiyo ilitoa tangazo ambalo ni rahisi sana kulipotosha kwa Kiswahili. Waliouawa katika shambulio hilo walifikia 23. Walmart iliwaomba wateja wasiingie tena madukani mwake na silaha za wazi, hata katika majimbo ambako sheria inaruhusu. Siku hiyohiyo Kroger nayo ikatoa ombi kama hilo. Lakini mteja mwenye kibali, aliyevaa bastola yake chini ya shati, hakuguswa. Kwake mambo yalibaki kama jana. Mwandishi atakayeandika kwamba Walmart ilipiga marufuku silaha madukani atakuwa amekosea mara mbili katika sentensi moja. Halikuwa katazo, wala halikuhusu silaha zote.

Kosa moja linazaliwa na istilahi yenyewe. Wamarekani husema "concealed carry", na tafsiri inayotangulia mdomoni ni kubeba silaha kwa siri, au kwa kificho. Maneno haya mawili yana uzito wa lawama. Kwa kificho ndivyo magendo yanavyopitishwa. Kwa siri ndivyo watu wanavyokula njama. Msomaji akiyaona hukata shauri kwamba mbebaji ni mhalifu, kumbe sheria za Marekani kwa kawaida haziangalii nia ya mbebaji. Zinaangalia jicho la mwenzake: je, mtu wa kawaida akimtazama ataiona bastola, au imefunikwa na nguo, au imo ndani ya mkoba? Katika majimbo yanayodai kibali, mwenye bastola hiyo huenda alichukuliwa alama za vidole, akakaa darasani, akalenga shabaha mbele ya mkufunzi, na jina lake limo katika kumbukumbu za serikali. Wateja wenzake hawaioni bastola, ila serikali inamjua mbebaji.

Kuna pia kusitiri, neno zuri na la kwetu. Tatizo ni kwamba linaelemea upande wa pili. Tunachokisitiri ni kitu chenye heshima yake, kama mwili wa mtu au aibu ya jirani. "Bastola iliyositiriwa" ingempamba mbebaji kabla hajafanya lolote. Istilahi ya sheria haipaswi kumlaumu mtu wala kumsifu. Ndiyo maana napendekeza "ubebaji wa bastola isiyoonekana", na mwenzake awe "ubebaji wa bastola ya wazi".

Nimesema bastola kwa makusudi. Silaha ni pamoja na kisu na rungu, na bunduki kwa wengi wetu ni ile ndefu ya begani, ambayo haifichiki chini ya shati. Texas inazungumzia bastola. Florida, kwa upande wake, hutoa leseni inayohusu hata kisu na rungu, kwa hiyo ukitafsiri hati za huko andika silaha. Hakuna neno moja litakalofaa majimbo yote 50, na zaidi ya nusu ya majimbo hayo sasa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiyezuiwa na sheria kumiliki bastola.

"Isiyoonekana" ina faida nyingine ninayoijali zaidi: inataja hatari ilipo. Tarehe 30 Desemba 2014, mama mmoja kijana alikuwa akinunua vitu katika Walmart ya Hayden, Idaho. Mwanawe wa miaka 2 alikuwa kwenye toroli, na mkoba wa mama ulikuwa karibu naye. Ulikuwa mkoba wa kutengenezwa maalumu, wenye mfuko wa zipu kwa ajili ya bastola. Kibali alikuwa nacho. Mtoto akafungua zipu, akaishika, ikafyatuka, na mama akafa. Waliopita na matoroli yao katika njia ile ile hawakuwa na namna ya kujua kilichokuwamo mkobani. Tangazo la 2019, lingekuwepo siku hiyo, lisingembadilishia mama yule chochote.

Msomaji wa Nairobi atauliza mbona hakukuwa na ukaguzi mlangoni. Swali lake lina haki. Tangu shambulio la Westgate la 21 Septemba 2013, lililoua watu 67, tumezoea askari wa kampuni binafsi anayekupitishia kitambua-metali kabla hujaingia. Hata siku ile, raia wenye bastola zenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwaokoa wenzao, kwa hiyo raia mwenye silaha si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba kwetu bastola isiyoonekana hugunduliwa getini. Katika maduka mengi ya Marekani hakuna anayekagua, na kazi ya askari imeachiwa kibao cha ukutani.

Vibao hivyo vinahitaji mtafsiri makini. Texas, kwa kifungu cha 30.06 cha sheria yake ya jinai, humtaka mwenye duka asiyetaka bastola zisizoonekana abandike maneno yaliyowekwa na sheria yenyewe, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja kwa urefu, mahali panapoonekana wazi. Kifungu cha 30.07 kinahusu bastola za wazi, na tangu 2021, jimbo lilipoondoa sharti la leseni, kibao cha 30.05 kinawahusu wasio na leseni. Ndiyo sababu mlango mmoja unaweza kuwa na vibao vitatu vilivyojaa maandishi. Mwenye leseni anayekipuuza cha 30.06 hutozwa faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo aondoke akagoma, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Illinois imerahisisha: picha ya bastola nyeusi ndani ya duara jekundu lenye mkato, kwenye kibao cha ukubwa wa inchi 4 kwa 6.

Hilo ni katazo. Ombi ni kitu kingine. Howard Schultz, alipokuwa mkuu wa Starbucks mwaka 2013, aliandika barua ya wazi kuwaomba wateja waache bastola zao nje, na akaeleza kwamba hapigi marufuku. Target ikafuata Julai 2014, nayo kwa ombi. Mteja aliyepuuza ombi la namna hiyo hakuwa amevunja sheria. Angeivunja kama angeambiwa ana kwa ana atoke akakataa. Kampuni zilichagua ombi kwa sababu hazikutaka kijana anayemimina kahawa kikombeni amkabili mtu mwenye bastola. Kuliandika ombi hilo kama "marufuku" ni kumkabidhi kijana huyo mzigo ambao mwajiri wake aliukwepa kwa makusudi.

Kwa mfanyakazi hakuna ombi, kuna sharti la kazi. Kampuni nyingi humkataza kubeba bastola akiwa zamu hata kama ana kibali na hata kama wateja wanaruhusiwa, kwa kuwa risasi ya mfanyakazi inaweza kuiburuza kampuni mahakamani. Masharti huvuka hata bastola. Mwaka 2011, huko Layton, Utah, wafanyakazi wa Walmart waliokuwa wamemkamata mwizi wa dukani walimnyang'anya bastola aliyoichomoa, wakafutwa kazi, kwa sababu kanuni iliwataka wajitenge na mtu mwenye silaha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Utah iliamua kwamba asiyeweza kujitenga salama hapaswi kufukuzwa kwa kujitetea. Naona mahakama ilitenda haki, ingawa mlango iliofungua ni mwembamba.

Mpaka wa sharti hilo mara nyingi ni maegesho. Oklahoma ilipitisha sheria mwaka 2004, na Texas mwaka 2011, zinazomzuia mwajiri kumkataza mfanyakazi kuacha bastola ndani ya gari lake lililofungwa. Kwa Wakongo na Warundi waliopokewa Texas, ambao wengine huanza maisha mapya wakipanga bidhaa rafuni, sentensi moja ya kitabu cha kanuni inaweza kuamua ajira. Kwa Texas, mimi ningeiandika hivi: "Usiwe na bastola ukiwa kazini, hata iwe haionekani na hata kama una leseni. Ikiwa una haki ya kuwa nayo, unaweza kuiacha ndani ya gari lako mwenyewe lililofungwa, kwenye maegesho." Neno "tunaomba" halimo, na halifai kuingizwa kwa ajili ya adabu.