Toa Hicho Kijiko Mdomoni mwa Mtoto

Wasee wangu wa Mji wa Kale na kwengineko, leo sina vichekesho. Leo ni historia, na historia yenyewe inaanzia mdomoni.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nyumbani kwetu Kibokoni, usiku. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, mara akashikwa na degedege. Macho yamegeuka, meno yamekazana. Bibi anasoma huku anampepea. Jirani mmoja akaitisha kijiko, kikasukumwa katikati ya meno kwa nguvu. Kilitoka na jino na damu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na jino likaota jengine. Lakini ile sauti ya chuma kwenye meno bado naisikia.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitafutie digirii hapa. Kusoma lakini sikuacha. Na nilichokuja kugundua ni kwamba sisi watu wa Pwani siri ya mdomo tulikuwa nayo kitambo.

Mwaka wa 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii, akalala usiku mmoja Mombasa. Kabla ya hapo, alipofika Mogadishu, alikaribishwa kwa sahani ya tambuu na popoo. Sasa fikiria tambuu la bibi zetu: jani, popoo, chokaa. Chokaa ya nini? Inabadilisha mate, na kemikali za popoo zinapenya kirahisi kwenye ngozi laini ya shavu. Miraa nayo ni vivyo hivyo. Wale vijana wa barazani wenye shavu limevimba hawasubiri tumbo lifanye kazi, sehemu kubwa inapita shavuni palepale.

Sababu ni rahisi. Ngozi ya ndani ya mdomo ni nyembamba, na chini yake mishipa ya damu imejaa. Kitu kikipenya hapo kinaingia kwenye damu moja kwa moja, bila kupitia tumboni wala kwenye ini, ambako dawa nyingi hupunguzwa nguvu. Sisemi mkatafune, hapana. Popoo inaleta saratani ya mdomo, hilo halina mjadala. Nasema njia tuliijua, ila tuliitumia kwa starehe tu.

Wazungu waliijua kwa ajali. Mwaka wa 1847 Mwitaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini, ile ile ambayo Alfred Nobel aliifanya baruti ya dainamaiti. Alipoionja kidogo tu, kichwa kikamuuma vibaya. Baadaye daktari William Murrell wa London aligusisha ulimi wake kwenye kizibo cha chupa yake, moyo ukaanza kumdunda. Mwaka wa 1879 akaandika kwamba inatuliza maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Hadi leo wagonjwa wanaiweka chini ya ulimi.

Sasa rudi kwa degedege. Wazee wetu waliamini ni ndege amepita juu ya mtoto, ndio maana ya jina lenyewe. Hospitalini, kwa miaka mingi, dawa ilikuwa diazepamu, na kama mshipa haupatikani inapitishwa njia ya haja kubwa. Halafu madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wakajaribu kitu tofauti. Walichukua watoto 330. Nusu walipewa diazepamu kwa njia hiyo ya nyuma, nusu wakatiwa midazolamu ndani ya shavu. Matokeo yalitoka 2008: diazepamu ilishindwa kwa asilimia 43, midazolamu kwa asilimia 30. Kwa wenye malaria tofauti haikuwa kubwa kihivyo, kwa wasio na malaria ilikuwa kubwa sana. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka midazolamu ya mdomoni kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kwangu mimi hapa kuna suala la heshima pia. Msichana wa miaka kumi na tano akianguka kifafa ndani ya tuktuk pale Ndia Kuu, nani atamvua nguo mbele za watu? Lakini shavu lake unalifikia. Meno yakiwa yamekazana hata hayafunguliwi, dawa inatiwa kati ya fizi na shavu. Kijiko kinalazimisha mlango, dawa inapita pembeni.

Si dawa ya kujinunulia kiholela, maana inaweza kupunguza pumzi. Ni ya daktari kuandika na kumfundisha mzazi. Kama nyumbani kuna mwenye kifafa, muulizeni daktari wenu.

Na kama dawa hamna: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, angalia saa. Ikipita dakika tano, hospitali mbio. Mdomoni usitie kijiko, kidole wala maji.

Mtumie mamako hii. Na jirani pia.